Gemu za Mninga

Mwaka 2013, nikiwa na miaka hamsini kamili, ndipo nilipoonja taabu. Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi ngumu, na hicho ni kitu kingine. Watu wa vitabu hupenda kuanza na babu, wakaja kwa baba, wakamaliza na shule. Mimi shule niliishia darasa la tatu, na habari za babu yangu hazitakusaidia wewe unayesoma. Naanzia hapo hapo, Kasulu mjini, katika chumba cha nyuma cha duka la Alhaji Sefu, ambamo nilikuwa nimekaa miaka kumi na sita nikitengeneza redio za watu, na ambamo mwaka huo redio zilikoma kuja. Simu za kitochi zilizotoka China zilikuwa na redio ndani, na tochi, na muziki, na zikifa mtu hamtafuti fundi, anatafuta simu nyingine. Nilikaa mezani na bisibisi zangu kama daktari aliyekimbiwa na wagonjwa. Kilichonikera zaidi ya njaa ni kwamba sikushindwa na fundi mwenzangu. Fundi mwenzangu ningemshinda. Nilishindwa na watu wasiojua kwamba nipo.

Nisingeyaandika haya kama si simu niliyopigiwa mwezi uliopita. Sauti ya mwanamke kijana, ikitoka mbali sana, iliniamkia shikamoo taratibu kama mtu anayevaa nguo ya zamani. "Ni Mzee Buchumi wa Kasulu? Miye mutoto wa Byamungu. Papa ametutoka." Nikampa pole. Kisha akaniuliza jambo ambalo ndilo lililonikalisha kitako kuandika. "Papa alikuwa anatuambiaka alitengenezaka gemu kule Tanzania, za miti. Siye tulikuwa tunamucheka. Ilikuwa kweli?" Nikamwambia ilikuwa kweli. Akaniomba nimweleze. Nikamwambia kwa simu haitawezekana, na nikakata, maana sikutaka asikie sauti yangu.

Byamungu alikuwa Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kwao, ng'ambo ya ziwa, alikuwa fundi wa mitambo ya kituo cha redio, na alikuwa amesoma, amesoma kweli, si kama mimi niliyejifunza kwa kuunguza. Alikuja Kasulu siku zile alizopewa kibali cha kutoka kambini, na siku ya kwanza aliingia chumbani mwangu na mfuko wa sukari uliojaa vitochi vilivyokufa. Nikadhani ananiletea kazi. Akavimwaga mezani na kuniambia, "Mzee, simu imekufa, lakini kioo chake iko muzima. Na ndani mwa kioo mtu anaweza kuandika kile anataka." Alikuwa na laptopu iliyovunjika bawaba, ameifunga kwa mpira wa baiskeli. Akaiunganisha na kidude cheusi chenye miguu kama mdudu, sisi mafundi wa redio tunakiita aisii, na kidude kile akakiunganisha na kioo cha kitochi. Tukasubiri. Kikatokea kimstari, kikatembea kutoka upande mmoja hadi mwingine. Basi. Mimi niliyefufua redio za nusu ya wilaya hii nilisimama nikatazama kimstari kile kikitembea kana kwamba ni mtoto wangu.

Chumba chenyewe nikieleze, kwa sababu sijawahi kuwa na kingine nilichokipenda hivyo. Kilikuwa na dirisha moja lililotazama uani, mahali mke wa Alhaji alipoanika muhogo. Meza yangu ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya magogo mawili, kitasa bado kipo. Harufu ilikuwa ya risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa, na ya mawese, maana adhuhuri tulikula papo hapo, ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese mpaka yakawa mekundu, na siku nzuri samaki, migebuka ya Kigoma. Byamungu alikula polepole akiongea, mimi nilikula haraka nikinyamaza, na mara zote nyama ya mwisho ya samaki ilikuwa yangu. Ukutani, upande wa pili, tulisikia kila neno lililosemwa dukani. Nilijua nani kagombana na mkewe na nani anataka kuhama. Mafundi wa China hawakuwa na ukuta kama ule. Nalisema hili mapema kwa sababu ilinichukua muda kulielewa.

Tulikubaliana tutengeneze gemu ya mkononi. Zile za plastiki, za rangi rangi, Alhaji alikuwa anazo dukani, zinaletwa na mpwa wake kutoka Kariakoo, mgongoni zimeandikwa Japani, zinalia pii pii pii na zinaangusha vitofali. Byamungu akasema tukitengeneza vitofali tutakufa. "Vitofali wako navyo tayari. Tuwape kitu hawana." Nikamwambia basi tuwape bao. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Ndani ya kioo cha kitochi mashimo thelathini na mawili yanaenea, kila shimo na tarakimu yake ya kete, na mtu anacheza na mashine au anampa mwenzake zamu. Kasha tulilichonga kwa mti wa mninga, kubwa kama kipande cha sabuni ya mche, kingo zimesuguliwa zisichome kiganja, na batani nne za mpira wa ndala. Betri ni za simu hizo hizo, tukichagua zilizobaki na uhai.

Kazi ilikwama kwenye sheria. Mimi nilimpa sheria za Buhigwe, nilikocheza utotoni. Yeye akasema kwao hawali namna hiyo. Alhaji, ambaye ukoo wake ulitoka pwani na hakuacha mtu asahau, akaingia chumbani na tasbihi mkononi akasema, "Bao lisilo na nyumba, lile shimo kuu, si bao, ni watoto kuchezea mbegu. Na hakuna kunamua, kuingiza kete moja moja kwanza? Sasa mnaanzaje?"

"Tunapanga mbili mbili kila shimo, Alhaji, tunaanza," nikamjibu.

"Ndiyo maana nyie Waha mnamaliza haraka."

"Tunamaliza haraka kwa sababu tuna kazi za kufanya."

Alicheka mpaka akakaa kwenye gogo. Tulibishana wiki nzima, na aliyeumaliza ubishi ni Byamungu. Aliandika sheria tatu ndani ya kidude kimoja, ya Buhigwe, ya Kongo na ya pwani, na ukiwasha gemu inakuuliza kwanza: bao la wapi? Sijui kama kuna kampuni kubwa duniani iliyowahi kumuuliza mnunuzi swali kama hilo. Sisi tulimuuliza.

Wanunuzi tuliwapata Kabanga, hospitalini. Wagonjwa wenyewe hawakuwa na nguvu ya kucheza. Tuliwauzia wauguzaji, wale wanaokaa nje ya wodi siku kumi, siku ishirini, wamekoka moto, wamepika uji, wamefua, kisha hawana la kufanya ila kutazama mlango. Nilipeleka za kwanza kwenye kikapu. Mama mmoja wa Kitahana, kule Kibondo, aliyekuja kumuuguza mumewe, alinunua ya kwanza kabisa. Waliitwa Mama Yunisi na Baba Yunisi, kwa jina la binti yao mkubwa. Aliigeuza mkononi akasoma mgongoni. Pale nilikuwa nimechoma kwa chuma cha moto neno KASULU, na chini yake B mbili, ya Buchumi na ya Byamungu.

"Imetengenezwa hapa?"

"Hapa hapa, mama."

"Na ikifa?"

"Unaniletea."

"Na nikiwa nimerudi kwetu Kitahana?"

"Unampa dereva wa basi, unamwambia ya Mzee Buchumi, nyuma ya duka la Alhaji."

Akanunua. Baada ya siku tatu muuguzi wa wodi alinijia juu kwamba vikasha vyangu vinalia wagonjwa wakilala. Tukakata waya wa sauti, tukatengeneza kimya tangu siku hiyo. Mzee mmoja akasema haoni tarakimu ndani ya wodi, tukaweka kijitaa cha kumulika kioo. Batani zikanata kwa jasho, zikarudi, tukabadilisha mpira. Kila kilichorudi kilitufundisha. Byamungu alikuwa na daftari la magonjwa ya gemu, kama la daktari: hii imelala mvunguni, hii imemwagikiwa uji, hii imekaliwa na shemeji. Miezi mitatu ile nilikula vizuri, na nilitembea katikati ya barabara.

Sasa nifike kwenye ubaya wangu. Alhaji alitupa nafasi kwenye shelfu lake, vikasha vyetu vikakaa bega kwa bega na zile za plastiki. Nami, nyuma ya ukuta, nikasikia. "Hii ya mbao ya wapi?" "Ya hapa Kasulu." "Aa, nipe ile." Kesho yake tena. "Ya hapa? Na wewe Alhaji, hapa tunatengeneza nini zaidi ya jembe?" Wakacheka. Kijana mmoja wa bodaboda akasema, "Mzee Buchumi anashindana na Wajapani? Hata suruali yake ni mtumba." Kabanga waliniamini kwa sababu walinijua. Dukani walinijua pia, na ndiyo maana hawakuniamini. Nilimlalamikia Alhaji. Akanijibu kwa upole, akipanga viberiti, "Fundi, watu wengi hawanunui kitu, wananunua kule kilikotoka." Hakunituma nifanye nililofanya. Nililisema hili msikitini kwake siku ya mazishi yake na narudia kuliandika: hakunituma.

Byamungu alikuwa kambini wiki ile. Nilichukua redio ya zamani, nikaigeuza mgongo, nikanakili herufi moja moja kwa sababu kuandika kwangu ni kwa shida. Nikatengeneza chuma kipya. Nikasugua KASULU na B mbili kwa msasa mpaka mbao ikawa nyeupe, na juu yake nikachoma JAPAN.

Byamungu aliporudi alichukua kikasha, akapapasa mahali palipokuwa na jina, na kidole chake kikabaki pale. "Mzee, umenitoa."

"Nimejitoa na mimi. Tumetoka wote."

"Wewe uko na duka, uko na mji, watu wanakuita jina lako barabarani. Miye jina langu ilikuwa hapa tu."

Nikamwambia jina halileti ugali. Nikamwambia ajaribu mwezi mmoja tu. Alikaa, akafungua laptopu, akafanya kazi. Adhuhuri ile alikula bila kuongea, na mimi, mpumbavu, niliona ni nafuu.

Gemu za JAPAN ziliondoka kama maandazi ya moto. Alhaji aliuza, wachuuzi wakachukua, zikafika Kibondo, zikafika Munanila mpakani. Mti mkavu ukaisha, nikanunua mninga mbichi kwa haraka, nikaukausha kwa moto badala ya jua. Zile zilizosikika zikichekwa zilikuwa sasa zinasifiwa na watu wale wale, kupitia ukuta ule ule. "Mjapani fundi bwana, ona alivyoisugua. Na amejuaje bao?" Nilijifunika mdomo nisicheke. Nilijiona nimewashinda wakubwa kwa kuvaa koti lao. Na kitu kingine kilichonipa kiburi: hazikurudi. Hata moja. Nilimwambia Byamungu, "Unaona? Tumefika mahali kitu hakiharibiki." Alikuwa ameshika daftari lake la magonjwa, karatasi za mwisho nyeupe. Akasema, "Mzee, hakuna kitu haiharibiki. Kama haturudishiwi, tutajua aje?" Nikamwambia anatafuta ugonjwa kwa mtu mzima.

Mvua zikaanza. Mwezi wa kwanza wa mvua wachuuzi walipunguza kuja, wa pili hawakuja. Shelfu likakaa. Nikasikia ukutani, "Hata Japani siku hizi ni takataka tu." Nikapakia zilizobaki nikapanda basi kwenda Kibondo, nione soko lenyewe. Sokoni hawakutaka hata kuzitazama. Nikaona nisirudi mikono mitupu, niende Kitahana kwa wale walionijua. Mama Yunisi aliniona kutoka mbali.

"Amahoro, Mzee. Karibu. Aliyekuwa mgonjwa yupo shambani, alipona."

Tulikaa jikoni kwake kwa sababu ya mvua. Alipika matoke na maharage, akanyoosha mkono kwenye rafu, akateremsha kikasha cha mninga, akakifungua kifuniko, akachota chumvi kwa vidole. Kioo hakikuwepo, batani hazikuwepo, tundu nne zimezibwa kwa nta. Nyuma kimeandikwa JAPAN. Nikakinyooshea kidole.

"Hiki ulinunua wapi, mama?"

"Kibondo. Yunisi alimnunulia baba yake, maana ile ya kwako tulimwachia muuguzaji mwingine Kabanga. Ikakaa wiki tatu, mvua ilipoanza ikafa. Kioo kikapasuka chenyewe tu, hakijaanguka."

"Hukuipeleka kwa fundi?"

"Fundi gani? Fundi wa Kibondo alisema vya Japani havifunguliwi. Sasa ningeipeleka Japani?" Akatia chumvi kwenye sufuria. "Ingekuwa ya kwako ningempa dereva wa basi."

Niligeuza kikasha kwenye mwanga wa mlango. Mninga niliouharakisha kwa moto ulikuwa umevimba kwa unyevu, ukakibana kioo mpaka kikapasuka. Ugonjwa mdogo. Kingo mbili za kupiga tupa, nusu saa. Kama cha kwanza tu kingerudi, cha pili kisingepasuka. Nilikula matoke yale yenye chumvi iliyotoka kwenye uongo wangu, na sikumwambia. Nililipa kimya kimya kwa kumsaidia kuziba bati lililovuja, nikaondoka.

Niliporudi Kasulu, Byamungu alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema, "Si nilikuambia?" Alisema, "Bon, sawa. Hii inatengenezeka. Turudi Kabanga, twende Kibondo, siku ya soko, useme mbele ya watu kwamba ni za kwetu. Useme walete. Tutazitengeneza bure zote, halafu tunachoma jina letu tena." Nilimtazama. Mimi, mtu wa miaka hamsini, niliyejijenga mwenyewe bila ndugu wala darasa, nikasimame juu ya debe sokoni niseme nilidanganya? Nilimwambia nitafikiri. Akaniambia kuna jambo lingine: jina lake limetokea kwenye orodha ya wakimbizi wanaohamishiwa nchi za nje, atafanyiwa mahojiano, na akipita ataondoka na watoto. "Nikiwa na kazi hapa yenye jina langu, Mzee, naweza kuwaambia wachukue mwingine kwanza. Bila hiyo, nitaambia watoto nilikuwa natengeneza nini?" Nikamwambia tena nitafikiri.

Nilifikiri wiki tano. Simulaumu mtu. Kila asubuhi niliamka nimeamua, na kila nilipofika barabarani na watu wakaniita Mzee, Mzee, nikaona haiwezekani leo. Siku niliyosimama sokoni Kibondo, juu ya debe kweli, nikapaza sauti nikasema, "Gemu zile za mbao si za Japani, ni zangu mimi Buchumi na Mkongo anayeitwa Byamungu, nilidanganya, zileteni," watu walicheka, lakini si kicheko kibaya nilichokiogopa. Mzee mmoja alisema tu, "Ungesema mapema, tungekuwa tunacheza." Walileta kumi na tisa siku ile, na wiki iliyofuata zikaja kwenye mabasi, zimefungwa kwa kanga na magazeti, na barua. Nikapeleka habari kambini kwa mtu aliyekuwa anaenda. Jibu lililorudi lilikuwa kwamba ameshahamishiwa nje na watoto wake, nyumbani kwake anakaa mtu mwingine. Laptopu aliondoka nayo, na ilikuwa haki yake.

Kingo nilizipiga tupa mwenyewe. Vioo nilibadilisha. Zilizokufa kidude cheusi sikuweza, maana kilichoandikwa mle aliandika yeye, na mimi sikujifunza. Kila aliponiita niangalie nilikuwa nakula. Niliwarudishia watu zilizopona, na zisizopona niliwaambia hazitapona. Gemu mpya hatukutengeneza tena Kasulu. Wanaonijua huniuliza kama mtu mdogo anaweza kushindana na makampuni yale, nami huwajibu bila kupinda: miezi mitatu tulishindana, na tulikuwa mbele. Wao hawakujua mama wa Kitahana anacheza bao la wapi. Mimi nilijua, nikakitupa nilichokijua, nikavaa jina lao, na kwa jina lao wao ni hodari kuliko mimi. Binti nimemwandikia. Nimemweleza kila kitu, na wiki tano sikuziruka. Nimemwambia baba yake hakuwa mtu wa kuchekwa, na aliyemtoa kwenye kazi yake ni mimi.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitano, bati jipya. Nina karakana Kasulu, chumba changu mwenyewe, sikikodi, na nyingine Kibondo anayoisimamia mwanangu. Tunatengeneza betri za sola na vikasha vyake. Nina mashine ya kupasulia mbao, mashine ya kuchomelea, na pikipiki ya magurudumu matatu. Nina shamba la kahawa Munanila na migomba inayotosha. Nina ng'ombe wawili wa maziwa na mbuzi sita. Nina meno yangu yote isipokuwa mawili. Mshirika sina.